Toa Moja

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Ukimpelekea kazi ya mlango, atakuambia uje kesho. Ukija hiyo kesho, atakupokea kwa tabasamu pana, atakufutia vumbi la mbao kwenye benchi ukae, atakuuliza habari za nyumbani mpaka usahau ulichofuata, kisha atakusindikiza hadi barabarani: "Kesho, ndugu yangu, bila kukosa." Kuna bwana mmoja aliyeagiza kitanda cha mtoto aliyekuwa bado tumboni, na huyo mtoto alikuja kukilalia akiwa ameshaanza shule. Wala si kwamba fundi alikuwa mvivu. Hakujua kumwambia mtu hapana, basi kazi za watu ishirini zilimkalia kichwani kwa wakati mmoja, na kila moja alitaka kuifanya kana kwamba anamfanyia mfalme. Jeneza peke yake ndilo hakuwahi kulisemea kesho. Ukimjia na msiba, aliweka kando yote, akarudisha mlango wa karakana, na kabla jua halijazama ulikuwa unaondoka na sanduku lililopigwa msasa ndani na nje. Alikuwa akisema kwamba maiti hana nafasi ya kurudi siku nyingine.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Yeye mtaa ulimwita Bi Mkasi, kwa mkasi wake mweusi na kwa ulimi wake, na watu hawakuwahi kukubaliana ni upi kati ya hivyo viwili uliokata zaidi. Alishonea kwenye chumba cha mbele, cherehani ikiwa imeegemea dirisha, na shingoni kila siku ilining'inia futi ya kitambaa, ya manjano, iliyofifia kwa kushikwashikwa. Futi hiyo ilikuwa na kilema. Binti yao alipokuwa na miaka mitatu aliukuta mkasi mezani, akakata inchi ya kwanza ampe mdoli wake leso. Mtu mwingine angenunua futi mpya. Bi Mkasi akasema futi bado ina inchi hamsini na tisa, hizo zinamtosha mwanadamu yeyote amjuaye, akaendelea nayo kwa miaka ishirini na minane. Kwa kuwa ilianzia kwenye moja, kila alichopima alitoa moja kichwani kabla ya kufungua mdomo. Mdogo wake, aliyekuja kujifunza kushona pale, alifundishwa hivyo kabla hata ya kufundishwa kutia uzi kwenye sindano: toa moja.

Ikawa ndiyo lugha ya nyumba. Ukimuuliza Bi Mkasi umri wake, alikutajia miaka kisha akamalizia, "Toa moja." Fundi akija kuapa kwamba leo wateja kumi wameisifu kazi yake, mkewe hakuinua hata macho kwenye pindo. "Toa moja," alisema. "Huyo wa kumi ni wewe."

Sasa, nyumba ya fundi ilikuwa kama nyumba za mafundi wote. Kinyozi hajinyoi. Mlango wa jikoni ulifungukia nje, kwenye uwanja mdogo wa nyuma, na kati ya mlango na uwanja kulikuwa na vidato viwili vya saruji vilivyomeguka, halafu udongo ambao ukinyesha uligeuka uji. Bi Mkasi alitaka sakafu ya mbao pale nyuma. Si kitu cha ajabu: sakafu ya chini, isiyofika hata goti, iliyo sawa na mlango, mtu atoe kiti chake asubuhi na kushona juani bila kupaka matope kwenye nguo za watu. Alimwomba mumewe. Mumewe akasema kesho. Ilipita miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo Fundi Kesho aliwajengea watu vibaraza, vibanda, hata nyumba ya mbwa yenye dirisha.

Kiharusi kilimkuta Bi Mkasi ameshika mkasi. Kilichukua mguu wa kushoto na mkono wa kushoto, na kikauvuta mdomo upande mmoja, ingawa ulimi kiliuacha, na jirani mmoja akasema hata ugonjwa unajua pa kuogopa. Siku aliporudishwa kutoka hospitali, ujia wa mbele ulikuwa na kona finyu ambayo kiti cha magurudumu hakikuweza kuipita mpaka kikunjwe. Basi wanaume wawili wakambeba, mmoja kwapani na mwingine miguuni, gauni likapanda mapajani, na wanawake aliowashonea magauni yao ya heshima wakageuza nyuso wasione. Walipomlaza alikuwa analia kwa hasira. "Mimi si gunia," alimwambia mumewe. "Hakuna tena atakayenibeba. Nikitoka humu ndani nitatoka kwa magurudumu yangu, la sivyo sitoki."

Na hakutoka. Miezi saba ilipita. Kila asubuhi alisukumwa hadi jikoni, akakaa akiangalia jua linavyoshuka kwenye ukuta wa jirani, juu mpaka chini, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Daktari alimwita fundi pembeni, akamwambia kwamba kiharusi cha kwanza mara nyingi hukielekeza njia cha pili, na cha pili hakibishi hodi. Akamwambia pia amtoe nje, apate jua na watu, maana ndani humo anakauka. Fundi alirudi nyumbani akakaa kwenye kidato kilichomeguka. Alihesabu miaka kumi na moja. Siku ya pili yake alifunga karakana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliwaambia wateja ukweli: "Sijui lini. Nina kazi ya mke wangu." Neno kesho likakauka mdomoni mwake.

Walipanga kazi hiyo pamoja, na niseme wazi kwamba ule upangaji ndio ulikuwa sehemu yao ya furaha. Bi Mkasi alikataa michoro ya penseli ya mumewe kwenye vipande vya mbao. Alitaka karatasi ya kukatia, kama ya gauni. Mdogo wake akagundisha magazeti ya zamani, wakayatandaza uwanjani yakishikiliwa na mawe, naye akatoa amri kutoka kwenye mlango wa jikoni uliofunguliwa wazi.

"Hapo pafinyu. Kiti kinahitaji kugeuka. Ongeza kiuno."

"Mbao haina kiuno, Bi Mkasi."

"Ndiyo maana vitu vyako vyote vinafanana na kabati. Ongeza."

Akaongeza. Ikawa futi kumi kwa nane, nafasi ya kiti kuzunguka bila kurudi nyuma. Walikubaliana mbao zilale kukata njia ya magurudumu, si kuifuata, kwa sababu yale magurudumu madogo ya mbele yangezama kwenye nafasi za kupitishia maji. Nafasi zenyewe ziwe za unene wa msumari mmoja. Ukingo wa inchi tatu uzunguke pande zote isipokuwa ule wa mlango, kiti kisije kikamdondosha kwenye matope aliyoyakimbia.

Kikabaki kipimo kimoja, kilicho mama wa vyote: urefu kutoka ardhini hadi juu ya kizingiti. Sakafu ikilingana na kizingiti, gurudumu litapita kama maji. Fundi akatoa tepu yake ya chuma mfukoni.

"Weka hiyo," alisema Bi Mkasi. "Nitapima mimi. Mdogo wangu, nipe futi yangu."

Mdogo wake alimletea ile ya manjano. Ilikuwa haijaguswa tangu kiharusi. Fundi alichutama chini akashikilia ncha ardhini, pale kwenye kigingi alichokuwa amekipigilia, na mkewe akainama kutoka kwenye kiti, kwa mkono wake mmoja mzima, akaivuta futi hadi kwenye kizingiti. Alifunga jicho moja kama zamani. Alikaa vile kwa muda, na fundi akamwona amekuwa tena fundi, si mgonjwa.

"Kumi na mbili," alisema. "Futi kamili! Hata mlango unakutakia heri."

Fundi akaandika kumi na mbili kwa penseli ya sikioni. Kwa miaka ishirini na minane mkewe hakuwahi kutamka namba kabla ya kutoa moja, na haikumpitia akilini kuuliza. Angeuliza vipi? Kulikuwa na dalili, ndiyo. Wiki ile ile Bi Mkasi alikuwa ameuita mkasi kijiko, akacheka mwenyewe. Siku nyingine alimwita mdogo wake mama. Fundi aliziona zote mbili, na zote mbili aliamua kwamba hakuziona.

Kuanzia siku hiyo mlango wa jikoni ulifungwa, kwa sababu vumbi la msumeno lilimkohoza mgonjwa, na fundi akawa anazunguka kwa mbele kila alipohitaji maji ya kunywa. Alivunja vile vidato kwa nyundo kubwa. Alichimba mashimo tisa, akasimamisha nguzo fupi alizozipaka oili chafu miguuni ili mchwa wakale kwingine. Aliusafirisha usawa kutoka kigingi hadi kigingi kwa mpira mwembamba uliojaa maji, ambayo hukaa kimo kimoja ncha zote mbili, kama alivyofundishwa na mwalimu wake, akafunga mihimili kwenye nguzo kwa bolti nene, akamwaga kokoto chini ili nyasi zisipate moyo. Mvua ilimrudisha nyuma siku nne. Makanika aliyekuwa jirani alichungulia juu ya ukuta, akamkuta amepiga magoti kwenye matope akipapasa mhimili kana kwamba ni mgongo wa farasi.

"Fundi, unajenga jukwaa? Unagombea?"

"Nagombea. Kura ninayoitaka ni moja tu."

Alianza kupigilia mbao kutoka mwisho wa uwanja kurudi mlangoni. Kila ubao aliupiga randa, akaupitishia kiganja, akaukaza kwa skrubu alizozizamisha vichwa ili zisimkwaruze mtu miguu. Ndani, Bi Mkasi alisikia kazi inavyomsogelea siku hadi siku. Mwanzo ilikuwa sauti ya mbali, baadaye ikawa chini ya dirisha lake, na alimwambia mdogo wake kwamba ni kama kumsikia mtu anarudi kutoka safarini. Akaagiza atolewe kitambaa cha kijani alichokuwa amejiwekea. Mdogo wake ndiye aliyekata na kushona, yeye akisimamia na kutukana kila mshono. Gauni likamalizika siku moja kabla ya sakafu.

Wiki tatu zilipita, na siku ya mwisho, saa kumi alasiri, fundi alikaza ubao wa mwisho, ule unaogusana na mlango. Alifagia sakafu yote. Akavua viatu. Akatembea juu yake peku kutoka pembe hadi pembe na hapakulia hata ubao mmoja. Halafu akasimama mbele ya mlango, akajipangusa suruali, akabisha kama mgeni.

"Hodi hodi! Bi Mkasi yupo?"

"Yupo," sauti ilimjibu kutoka ndani. "Amevaa. Fungueni, jamani, gauni linachakaa."

Mdogo wake akavuta komeo na kusukuma mlango. Mlango haukwenda. Alisukuma tena, kwa bega. Ulitoa mlio mzito, gu, ukabaki pale pale. Fundi alifikiri komeo limeshika kutu. Akauvuta kwa nje, akauvuta kwa nguvu, ndipo alipotazama chini. Ubao wake wa mwisho ulikuwa umesimama mbele ya mlango, juu ya ukingo wake wa chini. Sakafu ilikuwa imezidi. Alitoa tepu ya chuma na kupima kwa kuiingiza pembeni, akapima tena, akapima mara ya tatu. Ilizidi inchi moja kamili, wala haikupungua wala kuongezeka.

Alizunguka kwa mbele. Chumba cha kushonea kilikuwa kitupu, na futi ya manjano ilikuwa kwenye msumari wake karibu na cherehani. Aliishusha, akaitazama ile ncha iliyokatwa kwa mkono wa mtoto wa miaka mitatu, na namba ya kwanza iliyoandikwa pale. Akaelewa. Mtu mwingine angelia kwa ajili ya wiki tatu za kazi. Fundi alilia kwa sababu alijua sasa, na hakuweza tena kujifanya hajui, kwamba mkewe alikuwa ameanza kuondoka na kwamba kilichotangulia ni ile moja. Akaifuta pua kwa kiwiko, akaitia futi mfukoni, akaingia jikoni.

Bi Mkasi alikuwa kwenye kiti chake, kijani kibichi kutoka shingoni hadi miguuni, nywele zimesukwa upya.

"Kuna nini?"

"Imezidi inchi moja," alisema fundi. "Ni mimi. Nilisahau kutoa unene wa ubao."

Mkewe alimkazia macho. "Wewe? Usahau unene wa ubao? Utasahau kwanza jina la mama yako." Akanyoosha mkono wake mzima. "Nipe futi yangu."

"Sijui iko wapi."

Ilikuwa inaning'inia kutoka mfukoni mwake, shibiri nzima. Waongo wengine Mungu hawapi hata kipaji. Bi Mkasi aliivuta, akaipitisha kati ya kidole gumba na shahada, taratibu, mpaka mwisho, na kidole kikasimama pale palipokatwa.

"Sikutoa," alisema.

Mdogo wake aligeukia sufuria zisizo na kitu.

"Fundi. Sikutoa moja."

"Hata mimi nilikuwepo pale. Ningekukumbusha."

"Usinibembeleze." Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. "Mguu uliondoka, nikasema sawa. Mkono nao ukaenda. Sasa ni kichwa. Nikikipoteza hicho nitabaki na nini, kiti?" Akatazama ufa wa mwanga pembeni mwa mlango. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nibebe."

Fundi alidhani hakusikia vizuri.

"Nibebe leo. Ng'oa huo ubao wa mlangoni, unibebe hadi hapo nje. Jua bado lipo."

Jua lilikuwepo kweli. Lilikuwa nusu ya ukuta wa jirani, la rangi ya chai. Kung'oa ubao mmoja ni kazi ya dakika tano, na mkewe alikuwa amekonda kiasi kwamba angembeba hata kwa mkono mmoja. Haya yote fundi aliyajua wakati ule ule, na amekuwa akiyajua kila siku tangu hapo. Lakini alimkumbuka mwanamke aliyelia kwa hasira kwamba yeye si gunia, akaona kwamba kumbeba leo ni kukubali pamoja naye kwamba ameshindwa. Na tuseme kweli yote, ndani ya mume yule kulikuwa pia na fundi, na fundi hakutaka kazi yake ianze kutumika ikiwa na kosa. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Umengoja miaka kumi na moja," alisema. "Nipe usiku mmoja tu. Nitaishusha yote. Mlango utafunguka wenyewe, nawe utatoka kwa magurudumu yako kama ulivyosema. Hubebwi, mke wangu. Kesho asubuhi."

Neno likatoka. Alilisikia likitoka, na mdogo wa mkewe akalisikia akainamisha uso. Bi Mkasi alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki wake, akamshika fundi sikio, palipokaa penseli.

"Haya, Fundi Kesho," alisema.

Walipotaka kumvua gauni alale, alikataa. Alisema atalala nalo, asije akamchelewesha mtu asubuhi.

Kabla ya mapambazuko fundi alikuwa ameshaamka. Mkewe alikuwa amegeukia ukutani, bega la kijani limetoka nje ya shuka, naye akalifunika polepole asimwamshe, akatoka akitembea kwa ncha za vidole. Makanika alimwazima jeki mbili bila kuuliza. Fundi aliitegemeza sakafu upande mmoja, akalegeza bolti, akatoboa matundu mapya inchi moja chini ya yale ya kwanza, akaishusha na kukaza. Halafu akahamia upande mwingine. Nyundo hakuigusa. Penye kuhitaji kugonga alitanguliza kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu dirisha la chumba chao lilikuwa hapo juu yake, na alitaka alale vya kutosha aje atoke na nguvu. Mara moja alisimama akasikiliza. Kulikuwa kimya, akafurahi.

Saa tatu mdogo wa Bi Mkasi alifika, akachungulia chumbani, akatoka kwa mbele hadi uwanjani.

"Dada bado amelala, shemeji. Nimwamshe?"

"Mwache apumzike. Nimebakiza upande huu mmoja."

Akaumaliza. Akaweka pima maji juu ya sakafu na kizingiti kwa pamoja, na tone la hewa likakaa katikati lisitikisike. Alivuta mlango wa jikoni. Ulifunguka kwa kidole kimoja, ukapita juu ya mbao bila kuzigusa, ukaenda hadi ukutani. Jua liliingia jikoni mahali ambapo halikuwa limefika kwa wiki tatu. Fundi alicheka peke yake kwa sauti. Akachukua kiti cha magurudumu, akakisukuma kupita kizingiti, kwenda na kurudi, mara mbili, na hakikushtuka hata kidogo. Halafu akakielekeza chumbani, akiita tangu ujiani, "Bi Mkasi! Kesho imefika! Amka uione!"

Bega la kijani lilikuwa limefunikwa vile vile alivyolifunika. Aliligusa, na akajua kwamba alikuwa amefanya kazi asubuhi nzima chini ya dirisha la mtu ambaye hakuwemo.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Watu walimsihi aache, kuna mafundi wengine mjini, naye akachukua randa yake. Alianza kabla ya saa sita kwa mbao zilizobakia za sakafu, na kabla ya jua kuzama lilikuwa tayari, limepigwa msasa ndani na nje, na hakuna aliyemwona akikosea hata msumari. Vipimo hakupima. Binti yao alipofika kutoka mbali usiku ule, alimkuta baba yake ameketi kando yake, futi ya manjano imezungushwa kwenye kiganja. Binti aliitambua, akaishika ile ncha aliyoikata utotoni, na hakuna aliyemweleza chochote siku ile. Alielezwa baadaye.

Asubuhi ya mazishi wanaume sita walijipanga. Ile kona ya ujia wa mbele isingelipitisha jeneza, kwa hiyo lazima litokee jikoni. Waliinama kulishika.

"Habebwi," alisema fundi.

Wakatazamana. Makanika alimshika bega kwa upole, kama anavyoshikwa mtu aliyezidiwa. Fundi hakuwa amezidiwa. Aliwaomba waliweke jeneza juu ya kigari kidogo cha karakana, kile chenye magurudumu manne alichokuwa akisafirishia makabati ya watu walioshachoka kuyangoja. Akasimama nyuma yake peke yake, akasukuma. Watu waliokuwa wamejaa uwanjani walimpisha. Magurudumu yalifika kwenye kizingiti na kukipita, na hapakusikika chochote. Fundi alimzungusha mara moja pale katikati, kwenye ile nafasi aliyoongezewa kiuno, ili jua limpige pande zote, ndipo akawaruhusu wengine wamsaidie. Wanawake waliovaa magauni yaliyotoka kwenye mkono wake walilia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyegeuza uso.

Siku zilipita, binti akarudi kazini kwake. Karakana ilifunguliwa. Wanasema siku hizi ukimpelekea fundi mlango anakutajia siku, na siku hiyo ikifika mlango upo. Wengine wanamsifu kwamba amebadilika, na yeye akisifiwa hivyo huenda kutafuta kitu nyuma ya stoo mpaka wanyamaze. Jioni anakaa kwenye ile sakafu ya mbao, mgongo kwenye ukuta, akiangalia jua likishuka juu mpaka chini. Kiti cha magurudumu kimekunjwa ndani.

Mdogo wa marehemu bado huja. Anashona kwenye cherehani ya dada yake, na saa kumi hutoka na chai. Jioni moja alipita ule mlango na sinia, akalitua juu ya mbao na kuanza kumimina, kama alivyozoea kuwamiminia kwa miaka mingi katika nyumba hiyo. Fundi alikuwa anaangalia mikono yake. Vikombe vilikuwa vitatu.

"Toa moja," alisema.

Naye akakitoa, akakiweka pembeni kikiwa kimejaa, na wote wawili wakakaa hapo mpaka kikapoa.